Kwa Nini Nyasi Hutoweka Malishoni

Mtu asafiriye kutoka mji wa Kitui kuteremkia Mutomo, au kutoka Wote kwenda Kibwezi, huweza kuona malisho mawili yaliyopakana: huku nyasi zafika magotini, na kule ardhi nyekundu i tupu, ngumu kama sakafu. Mvua iliyonyesha ni ile ile. Wengi hudhani ya kuwa udongo wa kule ni mbaya, lakini mara nyingi sababu imo katika mizizi.

Sehemu ya nyasi ikuayo ipo chini, karibu na udongo, wala si kwenye ncha. Ndiyo maana ng'ombe akila majani, nyasi huchipua tena. Lakini majani hayo ndiyo yatengenezayo chakula cha mizizi kwa nguvu ya jua. Yakiliwa kila mara bila kupumzishwa, mizizi hufupika, na ukame ujapo haiufikii unyevu. Nyasi zilizo tamu, kama zile Wakamba waziitazo mbeetua na ndata kivumbu, huliwa kwanza, na kwa hiyo hufa kwanza. Ndipo matone ya mvua hupiga udongo ulio wazi na kuufunga uso wake. Maji hayaingii, bali hukimbilia mtoni pamoja na udongo na mbegu.

Mchwa hulaumiwa sana. Ni kweli hula nyasi nyingi, lakini penye nyasi tele fungu lao halionekani, na vijia wachimbavyo huyapitisha maji ardhini. Muhanga huwafukua usiku, na shimo lake huwa nyumba ya ngiri. Nao mende waviringishao mavi huyazika, yakawa mbolea. Nyasi zikipungua, mchwa hubaki wakigombania na mbuzi kile kidogo kilichosalia.

Tena nyasi zikidhoofika, migunga na mibambara hupata nafasi, na kichaka hujifunga. Huko Tsavo, kusini mwa sehemu hizi, tembo waliivunja miti mingi katika miaka ya 1960 hata nyasi zikaenea; maelfu yao walipokufa katika ukame wa 1970 na 1971, na wengine wakauawa na majangili baadaye, kichaka kilirudi. Katika Makueni kichaka kilikuwa maficho ya mbung'o, hata ikawa lazima kifyekwe baada ya Vita Kuu ya Pili ili watu wapate kuhamia huko na mifugo yao.

Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni ilitaka kupunguza ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu. Watu walikwenda Nairobi kupinga, wakiongozwa na Muindi Mbingu, na kulazimishwa huko kukaachwa. Idadi ya ng'ombe ni jambo kubwa, lakini si jambo la pekee: ng'ombe wachache wakaao mahali pamoja mwaka mzima huweza kuharibu kuliko wengi wapitao na kuondoka.

Siku hizi wafugaji kadhaa hufunga sehemu ya shamba kwa ua wa miiba, hulima kwa maksai mifereji midogo ikingamayo mteremko, na kupanda mbeetua, ndata kivumbu na nguu pamoja, kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo katika Ukambani hutegemewa kuliko zile za Machi hadi Mei. Mbegu hizo ni nyepesi. Zikifukiwa sana hazitoki. Zile zilizovunwa karibuni nazo huota kwa shida, heri zikae ghalani miezi kadhaa.

Kupanda si kazi ngumu sana. Taabu ni kungoja, maana ng'ombe wamekonda na nyasi zaonekana ng'ambo ya ua. Wakiingizwa mapema huing'oa miche pamoja na mizizi yake, na kazi yote hurudi mwanzo. Mwenye kuvumilia hata mbegu zikomae huvuna za kupanda na za kuuza, akakata majani makavu na kuyaweka kwa ajili ya Septemba, wakati malisho ya jirani yamekwisha.