Faili Zimefungwa, Wanadai Fidia: Virusi Hivi Huingiaje, na Huondolewaje?



Wiki moja kabla ya mitihani, frateri wa mwaka wa tatu wa falsafa aliingia chumba chetu cha kompyuta amebeba laptopu yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mgonjwa. Tasnifu yake, kurasa sitini na kitu, ilikataa kufunguka. Jina la faili lilikuwa lile lile, ila mwishoni palikuwa pameongezwa herufi nne asizozijua. Picha za upadirisho wa kaka yake nazo zilikuwa hivyo hivyo. Na katika kila folda kulikuwa na faili ndogo iitwayo _readme.txt, iliyoandikwa kwa Kiingereza cha upole wa kushangaza: usijali, faili zako zote zinaweza kurudi, bei ni dola 980, na ukituandikia ndani ya saa 72 utapunguziwa nusu, ulipe dola 490.

Dola 490 ni zaidi ya shilingi milioni moja. Frateri hana fedha hiyo, na hata angekuwa nayo tusingemshauri ailipe. Tangu siku hiyo tumeulizwa maswali mengi na mafrateri wenzake, na pia na makatibu wa parokia mbili za jirani. Tumeona tujibu hapa kwa pamoja.

Wataalamu huviita ransomuea. Sisi tutaviita virusi vya fidia. Virusi vingine hufuta faili au huipunguza kompyuta mwendo. Hivi havifuti kitu. Huichukua kila faili na kuiandika upya kwa hesabu za siri, kwa kutumia ufunguo mrefu ambao mwizi peke yake anao. Faili bado ipo, lakini yaliyomo yamevurugwa. Hesabu zenyewe ni za aina ile ile inayolinda miamala ya benki, kwa hiyo kuubahatisha ufunguo hakuwezekani, hata ukikesha mwaka mzima. Ni kama mwizi aliyekuja usiku akabadilisha kitasa cha mlango wako: mali yote imo ndani, wewe uko nje.

Wizi huu si mgeni. Mwaka 1989 maelfu ya watu walitumiwa disketi kwa posta, wakiwemo waliohudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu UKIMWI. Disketi ilidai kuwa na taarifa za ugonjwa huo. Kompyuta ilipowashwa mara 90 hivi, majina ya faili yalivurugwa, na mwenyewe akatakiwa kutuma dola 189 kwenye sanduku la posta huko Panama. Disketi zile zilishindwa upesi kwa sababu hesabu zake zilikuwa dhaifu. Siku hizi hesabu ni imara, na malipo hudaiwa kwa Bitcoin, ambako hakuna sanduku la posta la kulinda.

Sasa, vinaingiaje? Parokiani kila mtu huilaumu flashi. Ni kweli flashi hubeba virusi vya kila namna, lakini kwa virusi vya fidia mara nyingi mlango ni mwingine. Frateri wetu alitaka Microsoft Office bila kulipa. Akatafuta mtandaoni programu ya kuvunja kufuli la leseni, akaipakua, na antivirusi ikamzuia. Maelezo yaliyokuja na programu hiyo yalimwambia azime antivirusi kwanza, naye akaizima. Aina iliyompata huitwa STOP/Djvu, nayo imeenea kwa njia hiyo hasa: programu za bure zilizovunjwa kufuli. Tunasema hili bila kumcheka, kwa maana kompyuta nyingi tunazozifahamu zina programu za namna hiyo, na zamani hata za kwetu zilikuwa nazo.

Mlango wa pili ni barua pepe yenye kiambatisho: ankara usiyoidai, au barua ya kazi usiyoiomba. Ukiifungua, Word inakuuliza kama iruhusu makro, yaani amri zilizofichwa ndani ya waraka. Ukikubali, umemfungulia mwizi. Tangu mwaka 2022 Microsoft huzuia makro za faili zilizotoka intaneti, lakini ofisi nyingi bado zina Office za zamani.

Mlango wa tatu haumhitaji mtu kubonyeza chochote. Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, virusi vya WannaCry vilisambaa katika nchi zaidi ya 150, vikiruka kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia kasoro ya Windows. Hospitali za Uingereza ziliahirisha miadi ya wagonjwa, hata upasuaji. Dawa ya kasoro ile Microsoft ilikuwa imeitoa mwezi Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wamesasisha kompyuta zao. Tunajua bando ni ghali, na ndiyo sababu wengi huzima masasisho ya Windows. Afadhali bando liishie hapo kuliko kwenye video.

Virusi vikishaingia havijitangazi. STOP/Djvu huonyesha dirisha linalofanana na la Windows ikijisasisha. Frateri aliliona, akafikiri kompyuta iko kazini, akaenda Masifu ya Jioni. Wakati huo virusi vilikuwa vinafunga faili moja baada ya nyingine, na kufuta nakala ambazo Windows hujiwekea yenyewe. Flashi iliyokuwa imechomekwa nayo ilifungwa. Aliporudi, kazi ilikuwa imekwisha.

Ukikutwa na hali hiyo, kwanza katisha mtandao: zima Wi-Fi, chomoa waya, chomoa flashi na diski ya nje. Kama bado unaona majina ya faili yakibadilika, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka kompyuta izime. Usifute wala usibadilishe majina ya faili zilizofungwa. Piga picha ya ujumbe wa wezi kwa simu, na uitunze faili ya ujumbe yenyewe, itahitajika.

Hapa wengi huchanganya mambo mawili. Kuondoa virusi ni kazi moja. Kurudisha faili ni kazi nyingine kabisa. Ya kwanza ni rahisi. Windows 10 na 11 zina Microsoft Defender, na ndani yake kuna uchunguzi wa nje ya mtandao: kompyuta inajizima na kuwaka upya, kisha inasakwa kabla Windows haijaamka, wakati virusi havijapata nafasi ya kujificha. Huchukua kama dakika 15. Sisi, hata baada ya hapo, hunakili faili zilizofungwa kwenye diski ya akiba na kuweka Windows upya kabisa. Ni kazi ya nusu siku, lakini unalala usingizi. Kisha, kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, badilisha nywila zote, kuanzia ya barua pepe. STOP/Djvu mara nyingi huja na mwenzake anayeiba nywila.

Kurudisha faili ndiko kugumu. Mahali pa kuanzia ni tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol, na kampuni za Kaspersky na Intel Security. Unapakia ujumbe wa wezi na faili moja au mbili zilizofungwa (usichague yenye siri za watu), nayo inakuambia ni aina gani na kama ufunguo umepatikana. Hutozwi chochote. Mtu akikuambia YouTube au Telegram kwamba atakufungulia faili kwa malipo kidogo, huyo ni mwizi wa pili.

Kwa STOP/Djvu kuna programu ya bure ya kampuni ya Emsisoft, na namba iliyomo kwenye ujumbe husaidia kukadiria. Ikiishia na t1, virusi havikuweza kuwasiliana na wezi wakati wa kufunga, vikatumia ufunguo uliotumika kwa watu wengi. Upo uwezekano wa kufunguliwa. Ya frateri wetu haikuishia hivyo. Hata hivyo tulipata kitu: aina hii hufunga kilobaiti 150 hivi za mwanzo wa kila faili, basi rekodi ndefu za mafungo tuliweza kuzitengeneza, zikapoteza sekunde chache tu za mwanzo. Tasnifu haikupona. Sura mbili alikuwa amemtumia msimamizi kwa barua pepe. Nyingine mbili aliziandika upya kutoka karatasi alizochapa, usiku kwa usiku.

Katibu mmoja wa parokia alituuliza: na daftari la ubatizo? Amekuwa akinakili vitabu vya zamani kwenye kompyuta kwa miaka miwili. Kanuni ya 535 inaitaka parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, basi kitabu chenyewe kipo kabatini na hakiwezi kufungwa na virusi. Lakini ile miaka miwili ya kuchapa haina kitabu. Tulimshauri awe na diski mbili za nje, moja ikae ofisini na nyingine nyumba ya mapadre, anakili kila Ijumaa kwa zamu, na akimaliza tu achomoe. Diski iliyoachwa imechomekwa haina faida, itafungwa pamoja na kompyuta.

Faili za frateri hatukuzitupa. Mei 2016 wezi waliotengeneza TeslaCrypt waliacha kazi hiyo na kuutoa hadharani ufunguo mkuu, na waliokuwa wametunza faili zao wakazifungua. Kwa hiyo diski yake iko kabatini kwetu, imeandikwa tarehe na jina la virusi, na kila mwanzo wa muhula tunafungua No More Ransom kuangalia.