Herufi za Madoido na Kibao cha Hatari

Ukisafiri kutoka Shinyanga hadi Geita utaona vibao vya saluni na maduka vyenye herufi za mikia na nyota, kana kwamba zimetoka katika hadithi za majini. Si vibaya. Madoido huvuta macho. Hata Comic Sans, aliyoibuni Vincent Connare mwaka 1994, iliiga maandishi ya vitabu vya vibonzo.

Lakini madoido yana mpaka. Jina la duka, neno moja au mawili, livalishwe madoido. Bei, saa na namba ya simu ziandikwe kwa herufi za kawaida zilizo wazi. Aina ya kwanza huita, ya pili hueleza. Aina mbili za madoido zikikaa pamoja hugombana, na msomaji hashiki neno.

Machimboni kosa hili si la urembo tu. Kibao cha "Hatari, shimo" husomwa gizani, na mtu mwenye haraka, pengine asiyesoma vizuri. Hapo madoido yote yaondoke. Mwenye kibao, simama hatua 20, usome. Ukisita wewe uliyekiandika, mgeni je?