Jackson Heights: Unanunua Hisa, Hununui Kuta

Anayetafuta fleti ya chumba kimoja Jackson Heights, wilayani Queens, New York, kwanza huvutwa na mtaa wenyewe. Juu ya Roosevelt Avenue treni namba 7 inapita kwa kishindo, na chini yake Wakolombia na Waekwado wanauza vyakula vya kwao. Ukikata kona ya Barabara ya 74 unakuta maduka ya sari na dhahabu, na wapishi wa Nepali na Tibet hawako mbali. Tangu 2020, sehemu ndefu ya 34th Avenue hufungiwa magari kwa saa nyingi za mchana, na watoto wanaendesha baiskeli katikati ya lami.

Nyuma ya majengo ya matofali zimefichika bustani ambazo mpita njia hazioni. Zilijengwa na Kampuni ya Queensboro, chini ya Edward MacDougall, iliyonunua mashamba ya eneo hili wakati daraja la Queensboro lilipofunguliwa 1909. Reli ilipofika 1917 wateja wakaongezeka, na baada ya muda mfupi fleti zikaanza kuuzwa kwa mfumo wa ushirika. Wanunuzi walichaguliwa: Wayahudi na watu weusi walizuiwa. Leo ubaguzi wa namna hiyo ni kosa kisheria, lakini mamlaka ya kumchagua jirani bado yako mikononi mwa bodi za majengo.

Katika ushirika, jengo zima ni mali ya kampuni moja. Wewe unanunua hisa zake, na hisa hizo zinakupa mkataba wa kukaa katika fleti fulani. Msomaji wa Tanzania, ambako sheria ya 2008 inaruhusu mtu kupata hati ya sehemu yake ndani ya jengo, ataiona tofauti mara moja. Huku Jackson Heights ukiwa mwanahisa, deni la kampuni nalo unachangia kulilipa.

Hapo ndipo wengi wanapoumia. Wanapigania bei na kuisahau ada ya kila mwezi. Ada hiyo inalipa kodi ya jengo, mishahara ya wafanyakazi, matengenezo, joto la majira ya baridi, na pia mkopo ambao jengo lenyewe linadaiwa na benki. Mkopo huo ukiisha muda na kuchukuliwa upya kwa riba kubwa, ada inapanda hata kama wewe ulinunua kwa fedha taslimu. Tena kuna sheria ya jiji ya 2019: majengo mengi yenye zaidi ya futi za mraba 25,000 yamewekewa kikomo cha hewa chafu kuanzia 2024, na yanayovuka kikomo yanatozwa faini. Bila akiba, gharama ya kubadilisha mitambo ya zamani ya kupasha joto itawaangukia wanahisa.

Bodi nayo itakuchunguza. Itataka marejesho ya kodi, taarifa za benki na barua za wanaokufahamu, kisha ikuite kwenye usaili. Bodi nyingi hudai ulipe angalau asilimia 20 ya bei kwa fedha zako mwenyewe na ubaki na akiba. Ukali huo nauelewa, maana jirani akishindwa kulipa ada, waliobaki ndio wanaoziba pengo. Nisichokubali ni bodi kumkataa mtu bila kumweleza sababu, na sheria za New York zimelivumilia jambo hilo kwa miaka mingi. Ubaguzi ukijificha kwenye ukimya huo, aliyekataliwa atauthibitishaje?

Kama unawaza kuipangisha fleti siku ukirudi Mombasa au Moshi, uliza mapema. Majengo mengi yanaweka kikomo cha miaka ya kupangisha, na mengine hayaruhusu kabisa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujaanza kusifia jiko na madirisha, mwambie wakili wako akuletee hesabu za jengo za miaka miwili na akasome kumbukumbu za vikao vya bodi. Usitie saini kabla hajakueleza alichokuta humo.