Nyumba Bila Ardhi: Istilahi za Mkataba katika Kiswahili cha Mombasa

Katika mitaa ya Kisauni, Likoni na Changamwe, si ajabu kumsikia mtu akisema kwamba amenunua nyumba. Kisarufi kauli hiyo haina dosari, lakini kisheria ina pengo. Huenda alichonunua ni kuta na paa tu, ilhali kiwanja ni milki ya mtu mwingine ambaye hulipwa kodi ya ardhi. Utaratibu huu ndio wenyeji huuita 'nyumba bila ardhi'. Makala haya yanautumia kama kielelezo cha kufafanulia istilahi nne za msingi za mkataba.

Istilahi ya kwanza ni mkataba wenyewe. Si kila makubaliano ni mkataba. Mkataba ni makubaliano ambayo mahakama iko tayari kuyatekeleza. Huhitaji pendekezo la upande mmoja na ukubali wa upande wa pili. Wapwani wamezoea dhana hizo kwa majina ya ijabu na kabuli, ambayo husikika katika ndoa ya Kiislamu.

Ya pili ni kile ambacho kila upande hutoa ili upate ahadi ya mwenzake. Sheria ya Mikataba ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1961 badala ya Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, hufuata kanuni za Uingereza, ambazo kwa kawaida haziipi nguvu ahadi isiyo na chochote cha kuilipia. Baadhi ya watu hukiita kitu hicho 'malipo', lakini neno hilo humfanya msomaji afikirie fedha pekee. Kinaweza pia kuwa kazi, mali au hata kujizuia kutenda jambo. Kwa hiyo neno 'badali' linafaa zaidi.

Ya tatu ni arubuni. Hii ni fedha itolewayo kuthibitisha nia ya kununua, na mnunuzi akivunja mkataba huweza kuipoteza. Katika fikihi, wanazuoni wa madhehebu ya Hanbali huruhusu muuzaji kubaki nayo, ilhali wengi wa madhehebu mengine hukataa. Malipo ya awali ni jambo tofauti: ni sehemu tu ya bei, na kwa kawaida mnunuzi anaweza kuyadai mauzo yakivunjika. Risiti isemayo 'amelipa kiasi' bila kubainisha ni kipi kati ya viwili hivyo ni chanzo cha ugomvi.

Ya nne, na yenye utata zaidi, ni kodi. Neno hili hutaja ushuru wa serikali, malipo ya mpangaji wa chumba, na pia malipo ya mwenye nyumba kwa mwenye kiwanja. Utata huu una gharama. Desturi ya pwani hutenganisha nyumba, na hata minazi, na ardhi iliyovibeba. Kanuni ya Kiingereza huhesabu kilichojengwa ardhini kuwa sehemu ya ardhi. Kwa hiyo hati haina budi kueleza kodi ni ya nini, ni ya muda gani, notisi itolewe vipi, na nyumba itakuwaje kiwanja kikiuzwa.

Hayo yote yaandikwe. Kwa marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2003, mkataba wa kuuza ardhi au haki juu ya ardhi hauwezi kushtakiwa mahakamani usipokuwa kwa maandishi, ukatiwa saini na pande zote, na saini hizo zikashuhudiwa.

Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, mikataba mingi bado huandikwa kwa Kiingereza. Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi: kusanifu istilahi ambazo mnunuzi wa Likoni ataweza kuzisoma mwenyewe kabla ya kutia saini, ajue kama amenunua nyumba na ardhi, au nyumba peke yake.