Kabla Hujaita Vijana wa Kufyeka Ploti

Siku hizi ploti zinakatwa kila upande, kuanzia Voi mjini hadi Mwatate na kule Maungu. Mtu akishapata karatasi zake, jambo la kwanza ni kuita vijana wenye mapanga na pawa soo. Wengi wetu tunafikiri kwamba ardhi ikiwa yangu, basi na kila kilichoota juu yake ni changu kukikata. Sivyo.

Ruhusa ya kujenga hutolewa na kaunti, chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019. Hiyo ni ya nyumba, si ya mti uliolindwa. Na hata ukikubaliwa kukata, kupakia magogo kwenye lori ni habari nyingine: hapo unatakiwa kibali cha kusafirisha kutoka Shirika la Misitu, yaani KFS. Wako waliokata kwa halali wakashikwa barabarani.

Mti wa kuogopa zaidi hapa kwetu ni msandali. Kwa macho si kitu, ni kichaka au mti mdogo tu wa miteremko yenye mawe, na mizizi yake hunyonya chakula kutoka mizizi ya miti jirani. Mafuta yake hutengenezewa manukato, nayo yamo hasa kwenye mizizi na moyo wa shina. Kwa hivyo wezi hawakati, wanang'oa mti mzima, na ukishang'olewa hauchipuki tena. Mwaka 2007 Rais Mwai Kibaki alipiga marufuku uvunaji wake. Baadaye ukaingizwa katika sheria ya wanyamapori ya 2013. Ndiyo, wanyamapori! Kesi ya msandali inaweza kukuletea askari wa KWS kama vile umeshikwa na pembe ya ndovu. Sasa fikiria visiki vimelala kando ya msingi wa nyumba yako, gari la doria linapita. Nani ataamini ulikuwa unachimba msingi tu?

Kwa hivyo ujue miti yako kwanza. Kama huijui, muulize mzee wa hapo au afisa wa misitu, hata kwa kumpelekea tawi moja lenye majani. Kisha andika barua: jina lako, nambari ya ploti, aina ya miti, ni mingapi, na sababu. Chifu athibitishe kwamba ploti ni yako. Omba afisa aje aone mwenyewe kabla ya chochote kuguswa, maana akikuta kisiki hana la kukagua. Jibu la mdomo usilitegemee. Maafisa huhamishwa.

Watu bado wanatuuliza kuhusu marufuku ya Februari 2018. Ile ilihusu misitu ya umma na ya jamii, si mwarobaini wa uani kwako.

Ploti ikipakana na Mto Voi au kijito, kuna ukanda wa mita 6 hadi 30 kutoka ukingoni ambao haujengwi, upana ukitegemea mto wenyewe. Miti ya hapo iache. Na ukinunua kule milimani, uliza kama kuna fighi karibu. Msitu ule wa wazee wa Kitaita haukatwi kiholela, na jirani zako hawatasubiri KFS ije kukuambia.

Mbuyu je? Wengi huuona kama kizuizi tu. Kule Kilifi wenye mashamba waliuza mibuyu iliyong'olewa mizima ipelekwe Georgia, na Novemba 2022 Rais William Ruto akaamuru uchunguzi. Waliouza walikuwa wanauza vya shambani kwao.

Kwa maoni yetu, mara nyingi ni rahisi kuisogeza nyumba kuliko mti. Mwambie fundi ageuze ramani kabla haijapelekwa kaunti; baada ya hapo mabadiliko yana gharama. Kwa jua la Voi, kivuli cha mgunga upande wa magharibi kitaipoza nyumba jioni.

Barua ikijibiwa, toa nakala mbili. Moja ikae na hati ya ploti, nyingine apewe msimamizi wa vibarua, kwa sababu wakija kuuliza, huenda wewe uko Mombasa kazini.