Sauti Zilizofungwa Kwenye Magurudumu

Zipo nyumba za Dodoma, Kondoa na Mpwapwa ambamo, juu ya kabati la nguo au uvunguni mwa kitanda, hukaa maboksi bapa ya mraba ambayo watoto hawajui ni ya kazi gani. Ndani ya kila boksi mna gurudumu la plastiki lililoviringishiwa ukanda mwembamba wa rangi ya kahawia, na juu ya boksi mkono wa babu umeandika kwa wino: maulidi, darsa, harusi ya fulani. Hizo ni tepu za rili, zilizotangulia kaseti. Mashine ya kuzichezea ilikwishakufa au iliuzwa zamani, hivyo sauti zimo nyumbani lakini hazisikiki.

Ndiyo maana tunapoulizwa mtu atatafuta tepu rekoda ya magurudumu mawili ya nini katika zama hizi za simu, jibu letu la kwanza halihusu utamu wa sauti. Mwenye tepu asiye na mashine ni sawa na mwenye sanduku asiye na ufunguo.

Sauti za watu mashuhuri hazituhuzunishi, kwa kuwa zina walinzi wake. Usomaji wa Qur'ani nzima kwa murattal aliourekodi Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri mwaka 1961 unapatikana leo kwenye kila simu. Nyimbo na ala za Wagogo alizozinasa Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba aliyoiasisi mwaka 1954. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka 1965, nayo ilinasa bendi, taarab na ngoma kwenye rili, na hazina hiyo imerithiwa na TBC. Lakini darsa la mwalimu wa chuo cha mtaani, aliyefundisha watu wazima baina ya Magharibi na Isha na hakuacha kitabu, liko katika nakala moja tu duniani. Nakala hiyo iko uvunguni mwa kitanda.

Utamu wa sauti nao upo, wala si porojo za wapenda vitu vya kale. Ukanda wa rili una upana wa takriban milimita 6, na wa kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, haufiki milimita 4. Katika kaseti ukanda hutembea chini ya sentimita 5 kwa sekunde, ilhali rili huenda sentimita 9 na nusu, au 19 kwa mwendo wa juu. Sauti iliyotandazwa mahali papana hubaki na pumzi ya msomaji, mlio wa dufu na hata mwangwi wa chumba. Ikiwa aliyerekodi aliweka kinasa sauti mbali na mzungumzaji, hata hivyo, mashine nzuri haitamsogeza.

Kinachotuvutia zaidi ni adabu ambayo chombo hiki huidai. Mtu hulitia gurudumu lililojaa upande wa kushoto, akaupitisha ukanda mbele ya vichwa vya kusomea, akaufunga kwenye gurudumu tupu la kulia, ndipo akabonyeza. Tepu ya kawaida ya futi 1,200, kwa sentimita 19 kwa sekunde, huchukua dakika 32 hivi kwa upande mmoja. Hakuna kuruka wala tangazo la kuingilia kati. Baba, mama na watoto huketi na kusikiliza hadi mwisho, wakiutazama muda wenyewe ukihama kutoka gurudumu hili kwenda lile. Nyumba ambayo kila mmoja ana visikilizio vyake masikioni, nusu saa hiyo ya pamoja si kitu kidogo.

Nyanda za kati zina neema yao katika jambo hili. Adui mkubwa wa tepu ni unyevu. Tepu nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina gundi inayonyonya maji ya hewani, ikalainika, na tepu ikilia na kuacha uchafu wa kahawia kwenye vichwa, huwa inakwanguliwa sauti yake. Hewa kavu ya Dodoma inazisitiri kuliko hewa ya Pwani na Unguja. Vumbi letu, kwa upande mwingine, halina huruma: tepu ikae ndani ya boksi lake, likiwa limesimama wima, na vichwa vya mashine vipanguswe kwa pamba na spiriti safi kabla ya kila kikao.

Anayenunua asikimbilie iliyong'arishwa. Aulize kwanza kama ilitengenezwa kwa umeme wa Marekani, kwani kwa mashine nyingi za zamani mwendo wa mota hufuata mapigo ya umeme, na ya huko ni 60 kwa sekunde ilhali yetu ni 50. Mashine kama hiyo, isiporekebishwa, itamfanya msomaji aonekane amechoka. Kampuni ya Revox imerudi kuunda mpya, kwa bei ya gari lililotumika. Sisi tungemtafuta fundi redio mzee na mashine kuukuu.

Tepu ya babu isiwe ya kwanza kujaribiwa. Ijaribiwe ile isiyo na thamani, na kitufe cha kurekodi kizibwe, kwa sababu kikibonyezwa kwa bahati mbaya hufuta kilichokuwapo. Ikishasikika salama, inakiliwe kwenye kompyuta siku hiyo hiyo. Nyanya naye awepo akisikiliza, na mjukuu awe na kalamu mkononi, kwani boksi limeandikwa "maulidi" tu, na anayeweza kusema ni nani aliyeitikia qasida kwa sauti ya pili ni yeye peke yake.