Kifua, Pafu na Nafasi Iliyo Baina Yake: Ufafanuzi wa Upasuaji na Matatizo Yake

Neno 'kifua' lina mzigo mkubwa katika Kiswahili. Ni sehemu ya mwili. Ni kikohozi, kama isemwapo kwamba mtoto ana kifua. Na likifuatwa na kivumishi, ni maradhi ya kifua kikuu. Katika mazungumzo ya kila siku upana huu haudhuru. Lakini mgonjwa aambiwapo kwamba atapasuliwa kifua, neno hilo halimwelezi iwapo atatolewa usaha au ataondolewa pafu zima. Anayetia sahihi fomu ya idhini anastahili kuijua tofauti hiyo, na mkalimani wake pia.

Ufafanuzi hauna budi kuanzia kwenye nafasi. Pafu halikugandishwa kwenye ukuta wa kifua. Baina yake pana tando mbili nyororo zenye majimaji machache, na shinikizo la hapo ni dogo kuliko la hewa ya nje. Ndilo linaloliweka pafu katika hali ya kutanuka. Hewa ikipenya, pafu hunywea. Ndiyo maana madaktari wa zamani walihofu kufungua kifua, hata Ferdinand Sauerbruch wa Ujerumani akabuni, mwaka 1904, chumba cha shinikizo dogo ambamo mwili wa mgonjwa uliingizwa, kichwa kikabaki nje.

Gharama ya kuisahau nafasi hiyo ilionekana katika kambi za jeshi la Marekani mwaka 1917 na 1918. Wanajeshi wengi walipatwa na nimonia iliyojaza usaha kifuani. Wapasuaji walifuata desturi: wakatoboa mapema, wakaacha jeraha wazi. Takriban asilimia 30 ya wagonjwa walifariki. Tume iliyomhusisha Evarts Graham ilibaini kwamba usaha ulikuwa bado mwepesi na pafu halijashikamana na ukuta, hivyo hewa iliingia na pafu likanywea. Ilipoamuliwa kwamba usaha utolewe kwanza bila kuruhusu hewa, na kifua kisifunguliwe mapema, vifo vilishuka chini ya asilimia 10. Kisu kilikuwa kile kile.

Graham huyo huyo, mwaka 1933, mjini St. Louis, aliondoa pafu zima la mgonjwa wa saratani, na mgonjwa akapona. Aliondoa pia mbavu kadhaa ili ukuta wa kifua uporomoke na kuziba pengo. Mbinu ya kukata mbavu ilikuwa imezoeleka katika kutibu kifua kikuu kabla ya kupatikana dawa. Leo kifua kikuu hutibiwa kwa dawa. Upasuaji huachiwa hali chache, kwa mfano pafu lililoharibika na kutoa damu nyingi.

Baada ya upasuaji mwingi wa aina hii mgonjwa huwekewa mrija ubavuni, ncha yake ya pili ikizama katika maji ndani ya chupa. Maji hayo ni mlango wa upande mmoja: hewa na majimaji hutoka, hewa ya nje hairudi. Hivyo chupa sharti iwe chini ya usawa wa kifua, na jamaa wasiinyanyue juu ya kitanda wakipanga shuka. Mapovu yasiyokoma kwa siku nyingi huashiria kwamba pafu linavuja. Mrija unaotoa mapovu usibanwe bila amri ya daktari, kwani hewa iliyonaswa inaweza kuukandamiza moyo. Damu ikizidi, au homa ikirejea, pengo hilo hilo huwa la kwanza kushukiwa.

Tatizo jingine halina sura ya kutisha, nalo ni maumivu. Anayeumwa mbavu hupumua kwa juu juu, makohozi hukwama, sehemu za pafu hujifunga na nimonia huingia. Kwa hiyo muuguzi humhimiza mgonjwa akohoe, agizo la ajabu kwa mtu aliyekuja hospitalini akitaka kuondolewa kikohozi. Asipoelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, atakizuia kwa nguvu zake zote. Hupewa kwanza dawa ya kutuliza maumivu, kisha mto wa kukumbatia ubavuni, ndipo huombwa akohoe.